Dhamana ya Mchora Ramani

Nyumba isiyojengwa bado haiwezi kusingiziwa. Aichoraye yu huru kuipa madirisha ishirini au mia, na kama hatimaye fedha haikutosha, hapana aliyedanganywa. Lakini ardhi itakayoibeba nyumba hiyo ipo tayari, na aghalabu ina watu wake: ina njia waipitayo kwenda kisimani, ina malisho ya mifugo yao, ina vibanda na makaburi. Hapo ndipo ramani iachapo kuwa ndoto ya mtu mmoja. Je, mchoraji ana dhamana ya yale ayafutayo?

Hapana aliyeliweka swali hili wazi kuliko Humphry Repton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1752, akashindwa katika biashara, kisha mwaka 1788 akashika kazi ya kutengeneza bustani za makabaila. Lancelot Brown, aliyemtangulia katika kazi hiyo, alichukua kandarasi ya kuchimba maziwa na kupanda misitu. Repton aliuza hasa shauri na mchoro. Aliitwa shambani, akatazama, akapima, halafu akamletea mwenye nyumba kitabu, mara nyingi chenye jalada la ngozi nyekundu, ndani yake maelezo na picha za rangi za maji. Juu ya picha alibandika kipande cha karatasi kwa upande mmoja tu. Kipande kikilala, huonekana shamba lilivyo. Kikiinuliwa, huonekana litakavyokuwa. Uzio umetoweka, ziwa limetanda, miti michanga imekwisha kuwa mikubwa. Bila shaka mtu auzaye mabadiliko ana sababu ya kuifanya hali ya kwanza ichukize kidogo kuliko ilivyo. Lakini hilo ni kosa la wachuuzi wote, na si kubwa.

Kosa kubwa zaidi lilitendeka mahali pengine, na kwa wino uliotulia. Huko Dorset, katika karne ya 18, Joseph Damer, aliyeitwa Lord Milton, aliudhika kwamba mji wa soko ulikuwa karibu mno na nyumba yake. Mji ukabomolewa kidogo kidogo, na wakazi wakahamishiwa kijiji kipya cha Milton Abbas, ambacho Brown alishiriki katika kukipanga. Nyumba zake nyeupe za makuti ya nyasi, zilizopangwa sawasawa kando ya barabara, huwavutia wageni hata leo. Kila moja ilijengwa ili ikae jamaa mbili. Mtu azitazamapo huona upole wa sura, wala hana budi kuambiwa na mwingine kwamba upole huo ulianza kwa amri.

Kuna watetezi, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wanasema ramani ya nyumba huonyesha kuta, milango na vipimo, kwa maana hivyo ndivyo ilivyoagizwa. Kumdai msanifu aeleze fedha ilikotoka ni sawa na kumdai fundi cherehani aeleze mwenendo wa mvaaji. Tuseme ni kweli, kisha itazamwe Harewood, katika Yorkshire. Jumba hilo lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa Edwin Lascelles. John Carr alilisanifu, Robert Adam akapamba vyumba vyake, na Brown akatengeneza bustani. Utajiri wa ukoo ule ulitokana na biashara ya Barbados, sukari na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria ya mwaka 1833, mkuu wa ukoo alilipwa fidia ya zaidi ya paundi 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakulipwa kitu. Adam hakusema uongo katika mstari hata mmoja wa dari zake. Lakini fundi cherehani hushona nguo ya mtu mmoja, nayo huchakaa kabla yake. Jumba huwafundisha watu wa vizazi vingi nani ni mkubwa, na aliyelipa sura ya ukubwa huo alishiriki katika fundisho. Mfano wa cherehani haumtoshi.

Basi huenda Repton, pamoja na uchuuzi wake wote, alikuwa mkweli kuliko wenziwe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1816 aliweka picha ya mahali pake mwenyewe, nyumba ndogo huko Hare Street, Essex. Katika hali ya kwanza uwanja wa kijiji wafika karibu na madirisha yake. Ng'ambo ya pili nyama imetundikwa dukani kwa mchinjaji. Na penye uzio amesimama mwombaji kilema. Katika hali ya pili bustani imesogezwa mbele yadi 25, njia imesukumwa mbali, nyama imezibwa kwa maua, na mwombaji hayupo. Alikokwenda hakuelezwi.

La ajabu ni hili: miaka mitano kabla, mwaka 1811, gari la farasi lilipinduka na Repton akaumia mgongo. Hakupata tena nguvu zake za kutembea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Aliyemfuta kilema alikuwa kilema. Kama ilikuwa ubinafsi, au uchungu wa mtu asiyetaka kujiona dirishani kila asubuhi, picha haisemi. Lakini angeweza kuchora bustani yake peke yake, yenye waridi na majani tu, wala pasingepatikana mtu wa kumuuliza. Hakufanya hivyo. Alimchora kwanza mwombaji, kwa uangalifu, ndipo akamwondoa kwa karatasi isiyogandishwa pande zote. Na kila karatasi hiyo irudishwapo mahali pake, yule mtu yu palepale penye uzio.