Moyo Unaolaumiwa: Mauti na Dhambi katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kutoka visiwa vya Lamu, ni mawaidha ambayo mtunzi anaupa moyo wake mwenyewe. Hapandi mimbari kuwakaripia watu. Anauita moyo, anauhoji kwa nini hauzinduki, anauonya, na pengine anaubembeleza. Msomaji husikia nasaha ambayo hakuelekezewa yeye, na kwa hiyo hukosa pa kujitetea.

Njia hiyo ina asili katika Qur'ani. Sura Yusuf inataja nafsi inayoamrisha maovu, Al-Qiyama inaitaja nafsi inayojilaumu, na Al-Fajr inaiita nafsi iliyotua irejee kwa Mola wake. Shairi zima limo katika hali ya pili: anayesema anaijua haki na bado dunia inamvuta. Hapo ndipo walipo waja wengi. Dhambi inayohofiwa zaidi humo ni kughafilika, yaani moyo kujisahau hata mauti yakaufikia ungali unakusanya. Sura At-Takathur inawaonya watu wa namna hiyo, walioshughulishwa na wingi wa mali na watoto mpaka wakaingia makaburini.

Ushahidi wa mtunzi ni Pate. Mji huo ulikuwa na dola, wanazuoni na matajiri, ukadhoofishwa na fitina na vita. Karibu na mwaka 1812 jeshi lake pamoja na Mazrui wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu huko Shela. Shairi halisimulii vita. Linaingia majumbani. Kumbi zilizong'aa kwa taa sasa ni za popo, zidaka zilizopangwa sahani za kigeni zimelaliwa na makinda ya ndege, na bundi analia ndani. Kisha mtunzi anauliza waliko wenyewe, mmoja mmoja, na miongoni mwao anamtaja Ali bin Nasir, jina la baba yake. Hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa kifo hakizungumzwi tena kama jambo la watu wa kale. Mtume (s.a.w.) alihimiza kuzuru makaburi kwa sababu yanakumbusha Akhera, na katika shairi hili magofu yanafanya kazi hiyo.

Shairi linaingia kaburini pia, ambako waliolalia vitanda vya fahari wanalazwa mchangani, na miili ikaliwa na wadudu. Inafuata Siku ya Hukumu. Hapo aliyedhulumiwa anasimama kumshitaki aliyemdhulumu, na jambo hili linastahili kuzingatiwa na kila mwenye kuswali na kufunga. Hadithi iliyopokewa na Muslim inamweleza aliyefilisika kuwa ni mtu anayekuja na swala, saumu na zaka, kumbe alitukana, alipiga na alikula mali za watu. Mema yake yatagawiwa wao, na yakiisha atabebeshwa dhambi zao.

Beti za mwisho zinaeleza Moto na tabaka zake, na Pepo haikupewa maelezo kama hayo. Lakini moyo unaambiwa yote hayo ungali hai, na Sura Az-Zumar inawakataza waja waliojidhulumu kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, kwani Yeye husamehe dhambi zote.