Nyongeza ni ya Nani?

Swali langu ni hili: nyumba ikipanda bei kwa sababu watu wamekimbia vita, ile nyongeza ni ya nani? Usinijibu haraka kwamba ni ya mwenye nyumba. Wala usiseme haraka kwamba ni wizi. Mimi niko pande zote mbili. Hapa Gihundwe ni mpangaji, ninalipa kila tarehe 5. Ng'ambo, Bukavu, nina parseli ndogo Kadutu yenye nyumba ya vyumba vitatu, na kule kwetu mtu kama mimi anaitwa bayere. Mpaka watoto wa mpangaji wangu wananiita Papa Bayere, utadhani ndilo jina la ubatizo. Kurudi kwa sasa sirudi, na wengi mnaosoma hapa mnazo sababu zinazofanana na zangu.

Tuanze na upande huu. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na M23, watu walivuka. Wengine walipitia kituo cha Nyarushishi, na wale waliokuwa na makuta kidogo walitafuta vyumba Kamembe na huku Gihundwe. Nyumba ninayokaa ilikuwa 50,000 kwa mwezi, nikaambiwa sasa ni 80,000. Bati lilelile, choo kilekile cha nje, maji ya kuchota palepale. Sababu niliyopewa: "Mzee, ushuru umekuwa mwingi."

Basi nikachukua kalamu. Sheria ya Rwanda inamtoza mwenye nyumba ushuru wa mapato ya kupangisha hivi: nusu ya alichopokea kwa mwaka inahesabiwa kuwa gharama na haiguswi. Katika nusu inayobaki, faranga 180,000 za kwanza hazilipiwi kitu. Kutoka hapo mpaka milioni 1 ni asilimia 20, na kinachozidi ni asilimia 30. Kama ana nyumba hii moja tu, kwa 50,000 kwa mwezi atapata 600,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni 24,000. Kwa 80,000 atapata 960,000, ushuru ni 60,000. Yaani ushuru umeongezeka kwa 36,000, na mimi nimeongezewa 360,000. Ushuru hauwezi kubeba lawama hiyo yote. Ninaandika hesabu hii ili kila mmoja aweze kuifanya mwenyewe mezani, bila kelele.

Lakini tusimwonee mwenye nyumba. Saruji inapanda, mkopo unasubiri, na watoto wake nao wanasoma. Kama angejenga tanki la maji akaniambia "kwa hilo ongeza 10,000", ningetoa, kwa sababu hapo nanunua kitu alichokifanya. Nyongeza iliyotoka kwenye jasho lake ni yake, hata mimi nikinung'unika. Ninayoiuliza ni ile nyingine, ambayo hakuna tofali lililowekwa wala shimo lililochimbwa, ila mimi na wenzangu tumeogopa kwa wakati mmoja.

Rafiki yangu mmoja, mkimbizi pia, hakubaliani nami. Anasema bei ikikaa chini, vyumba vyote vinachukuliwa na waliofika wa kwanza, na tofauti inaliwa na makomisiyoneri. Anasema pia ni bei kubwa iliyowafanya watu watoe magunia ya mahindi stoo na kuweka kitanda. Kweli, nimeyaona hayo. Bila ile bei, familia kadhaa zingelala nje. Kwa hiyo siwezi kusema kila bei ya juu ni dhambi. Anayefungua chumba kipya kwa mgeni anamuuzia mtu anayeweza kusema hapana na kwenda nyumba ya pili. Anayempandishia mtu aliye ndani tayari anafanya kitu kingine. Mtoto ameshaanza shule, mke ameshazoea njia ya hospitali, jirani ameshakubali kutukopesha chumvi. Mwenye nyumba anajua siwezi kuhama wiki hii, na bei inapimwa kwa kule kutoweza kwangu.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kiswahili. Zanzibar, mwaka 1928, wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi. Vibanda vilikuwa vyao, wamejenga wenyewe, lakini ardhi ya chini ilikuwa na wenyewe, na wenye ardhi walikuwa wamepandisha kodi. Serikali ya kikoloni mwishowe ililazimika kuziwekea kodi hizo mpaka. Mimi ninachokiona pale ni kwamba ardhi ya Ng'ambo ilipata thamani kwa sababu watu walikwenda kuishi juu yake. Waliokuwa wanatozwa ndio walioileta ile thamani. Ila wale wa Ng'ambo waligoma kwa sababu walikuwa kwao. Mkimbizi agome vipi? Akigoma Jumatatu, Jumanne vyombo vyake viko njiani.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaniuma zaidi. Mpangaji wangu wa Kadutu ni mwalimu, alikuwa ananilipa dola 60. Pesa hizo ndizo zilizokuwa zinalipa kodi yangu hapa. Hesabu yake ilikuwa karibu sawasawa. Banki za Bukavu zilipofungwa, akanitumia sauti kwenye simu: "Papa Bayere, mshahara hauonekani. Utuvumilie." Nikamwachia miezi mitatu yote, halafu nikamwambia alipe nusu, dola 30. Hapa kwangu mke alianza kuuza mboga sokoni Kamembe ili tuzibe pengo, kwa hiyo msidhani huruma ile ilikuwa ya bure.

Kumbe mwalimu aliingiza familia iliyokimbia kutoka upande wa Kamanyola, akaipa chumba cha nyuma kwa dola 20 kwa mwezi. Jirani ndiye aliyeniambia. Kaka yangu akasema mfukuze, tuma vijana wang'oe mlango. Mnaijua desturi hiyo mbaya ya kwetu: mtu akichelewa kulipa, bayere anapanda juu na kuondoa bati mbili tatu, mvua imalize kazi. Hiyo sitaifanya hata kwa adui, kwa sababu paa linaondolewa juu ya watoto ambao hawakusaini mkataba wowote.

Lakini hasira nilikuwa nayo. Nilimsamehe kwa sababu ya njaa yake, naye akaugeuza msamaha ule kuwa mali. Nikajiuliza, je, huruma yangu ikishatoka mkononi, bado nina neno juu yake? Nadhani ninalo, lakini dogo. Kilichopunguzwa kwa sababu ya vita hakifai kuuzwa tena kwa mtu mwingine wa vita hiyohiyo. Hilo lilikuwa sharti, hata kama sikulisema kwa mdomo. Nikampigia simu.

"Papa Bayere, zile 20 ndizo zinazotulisha," akasema.

"Najua, Mwalimu. Na wao wanakula nini?"

Akanyamaza. Tukakubaliana walipe 10, abaki nazo, na mimi aendelee kunipa 30 mpaka banki zifunguliwe. Kaka yangu anasema nimefanywa mjinga. Labda. Ila nikimwita mwalimu mwizi kwa 20 zake, yule wa Gihundwe nitamwita nani kwa 30,000 zake? Na kama yule wa Gihundwe ana haki yote, basi nami ningepaswa kumkamua mwalimu. Kipimo lazima kiwe kimoja pande zote mbili za Rusizi.

Kwa wenzangu wenye chumba au parseli ya kupangisha, nina machache ya kushauri. Garanti si mapato. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, na bado Bukavu wapo wanaodai sita. Ile pesa ni ya mpangaji, umeshikilia tu. Ukiijengea choo, siku anahama utamrudishia nini? Siku anaingia, pigeni picha za kuta na milango pamoja, muandike namba ya mita ya umeme, na nani anatengeneza nini. Kupandisha bei kunahitaji taarifa ya miezi kadhaa, na sababu ambayo unaweza kuionyesha kwa kidole. Kabla ya rangi angalia ukuta: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha nyumba Bukavu na huku Rusizi pia, na rangi haikushika tofali lolote.

Na wanaotaka kununua huku Rwanda: kila parseli iliyosajiliwa ina namba yake, UPI. Hakikisha namba hiyo na jina la mwenyewe kabla ya kutoa hata faranga moja, wala usinunue kwa jina la rafiki eti kwa sababu wewe ni mgeni. Tena kuna wanaonunua parseli Bukavu kwa bei ya mtu anayekimbia, usiku, mzigo ukiwa kichwani. Wanaita hiyo akili ya biashara. Ni ile nyongeza yetu, imegeuzwa kichwa chini tu: badala ya kukutoza zaidi kwa hofu yako, wanakulipa kidogo kwa hofu hiyohiyo.

Mwenye nyumba wa hapa nilimwonyesha karatasi yenye hesabu ya ushuru. Aliisoma mara mbili, akasema tutazungumza mwisho wa mwezi. Bado ninalipa 80,000. Juzi mwalimu naye akanitumia ujumbe kwamba mama wa chumba cha nyuma ametoa zile 10 bila kuchelewa, ila anauliza: chumba chake kinavuja, na bati ni la nani kununua? Nimeshauliza bei. Ni bati mbili, na misumari.