Birika na Moshi

Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya Japani ilianza kuuza birika la umeme lenye mtambo mdogo wa redio ndani yake. Mzee aishiye peke yake akimimina maji ya chai, birika hutuma habari bila waya, na mwanawe aliye mbali huipata kwenye simu. Birika likinyamaza, mtoto huingiwa na wasiwasi.

Huku Malindi, milimani Lushoto, birika letu ni moshi. Paa la jiko la bibi lisipofuka moshi hadi jua limepanda, jirani huweka jembe chini akaenda kupiga hodi.

Wapo wasemao kwamba mtambo kama huo ni upelelezi. Mimi sijali sana hilo. Moshi nao hupeleleza. Bibi mmoja, nilipomsimulia habari za birika, aliniuliza: "Na huyo apataye habari, atafika saa ngapi?"

Watoto wetu wengi wako Tanga na Dar es Salaam. Mtoto wa Dar atampigia nani simu, kama si jirani yule yule? Ila aliyeona kwa macho yake huenda kwa wajibu wake. Apigiwaye simu huenda kwa kutumwa. Nachelea siku atakaposema, "Bibi anaangaliwa huko Dar," kisha aendelee kulima.

Hata hivyo moshi hausomeki usiku, wala ukungu ukishuka. Bibi akianguka saa tatu usiku atalala sakafuni hadi asubuhi. Kwa saa hizo ningemwekea mtambo hata kesho, mwenyewe akiridhia, na habari zake zianzie nyumba ya pili, ndipo ziende Dar.