Kiti cha Mjumbe ni Amana ya Nani?

Mtu akichaguliwa na wenziwe awasemee barazani, kile kiti anachokalia ni milki yake, ni ya waliomtuma, au ni ya baraza linalompokea? Suala hili aghalabu hulala mpaka siku mjumbe anapokataliwa mlangoni, kama alivyokataliwa Julian Bond, kijana Mmarekani mweusi wa Atlanta, aliyechaguliwa mwaka 1965 kuingia Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Georgia.

Tarehe 6 Januari 1966 SNCC, chama cha vijana wapigania haki ambacho Bond alisimamia habari zake, kilitoa tamko la kushutumu vita vya Vietnam, naye alipoulizwa akaliunga mkono. Siku nne baadaye, alipokwenda kuapa, akazuiwa. Kamati ya baraza ikasikilizishwa sauti yake iliyonaswa, ikamhoji juu ya wale waliozichoma kadi zao za kuitwa jeshini. Akajibu kwamba anaustahi ushujaa wa mtu atendaye kwa itikadi yake hali anaijua adhabu inayomngoja, ama yeye hajamshauri mtu yeyote achome, na kadi yake imo mfukoni, wakitaka ataitoa waione. Wajumbe wa baraza wakapiga kura, 184 kwa 12, asipokewe.

Hoja yao ilikuwa kwamba kiapo chake hakiwezi kuwa cha kweli. Hapa ndipo dhuluma ilipojificha, kwani kiapo ni neno ambalo mtu huliweka hadharani ashikwe nalo, bali yaliyomo moyoni huyajua Mola na mwenyewe. Na baraza likijipa mamlaka ya kupekua nyoyo, halitapekua ila nyoyo za wachache. Wale 184 nao walikuwa na rai zao juu ya vita, na hapana aliyewauliza.

Yawezekana mtu akanena kwamba wapiga kura walimtuma Bond kwa ajili ya ujira na makazi, si kwa ajili ya Vietnam. Lakini wao wenyewe, wakiisha kulisikia tamko, walimchagua tena mara mbili mwaka huohuo, na Martin Luther King akaungana naye katika shauri mahakamani. Baraza lile, kwa hakika, lilikuwa na mazoea: mwaka 1868 liliwatoa wajumbe wake weusi, akiwemo kasisi Henry McNeal Turner, kwa hoja kwamba haki ya kuchagua si haki ya kuchaguliwa, naye Turner akawaambia waziwazi kwamba haki yake hataiombea kwa kupiga magoti.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, ilihukumu kwamba Bond amenyimwa uhuru wake wa kusema. Aliapishwa Januari 1967, akatumika katika mabaraza yote mawili ya Georgia hata mwaka 1987. Lakini kikao cha 1966 kilikuwa kimekwisha pita, na sheria zilizotungwa humo ziliwashika watu wa wilaya yake ya uchaguzi sawasawa na wengine, ilhali hapakuwa na mtu wao aliyepata kusema ndiyo wala siyo.