Kabla ya Kuwasha, Paka Povu

Wanangu mnaoanza maisha kwenye chumba kimoja cha kupanga, nimefurahi kuona mkaa unawatoka mikononi. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya kaya ziwe zinatumia nishati safi ya kupikia, na wengi wenu mtalifikia kwa mtungi wa gesi wa kilo 6. Ni jambo jema. Mama zenu wameumia macho na vifua kwa moshi miaka mingi mno. Lakini naona mnavyoifunga hiyo mitungi, na moyo haunipi kunyamaza.

Mtungi wenyewe ni chuma kigumu. Si kawaida yake kuvuja. Gesi hupenya kwenye maungio: pale regyuleta inapokaa juu ya valvu, pale mpira wa gesi unapovikwa kwenye jiko, au kwa mtungi mdogo, pale kichwa cha jiko kinaposokotwa juu yake. Humo ndani mna kipete chembamba cha raba, na hicho ndicho kinachoizuia gesi. Kikikauka, kikipasuka au kikidondoka bila wewe kujua, kaza mpaka mishipa ikutoke, gesi itapita tu. Wapo wanaozungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, na wapo wanaokaza kwa spana. Tepu hapo haina kazi, na spana hukiponda kipete kikaharibika zaidi. Kama kipete kilichochakaa ni cha mtungi, urudishe dukani. Kama ni cha jiko au regyuleta, nunua kingine cha aina ile ile. Mpira wa gesi nao ukikakamaa au ukionyesha nyufa unapoukunja, utupe. Uufunge kwa klipu pande zote mbili, si kwa waya wala ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Kila ukibadilisha mtungi, fanya hivi. Koroga sabuni na maji kidogo kwenye kikombe mpaka itoe povu. Vitufe vya jiko viwe vimefungwa, kisha achia gesi kwenye mtungi. Chukua sponji, paka povu kuzunguka kila ungio, halafu tulia uangalie kwa karibu. Panapovuja patafura. Pengine yatakuwa mapovu makubwa yanayojaa na kupasuka. Pengine ni vijipovu vidogo kama punje za ulezi, vinavyochomoza kimoja kimoja, na mwenye haraka hatavigundua. Ukiviona, funga gesi, fungua ungio, kagua kipete, funga upya, paka tena. Visipokoma, usiwashe. Na yeyote anayekwambia utafute mvujo kwa njiti ya kiberiti, hata akiwa fundi, hata akiwa mkubwa wako, mkatalie.

Nawasisitizia hivi kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikatokea dirishani. Huteremka sakafuni, ikajikusanya chini ya kitanda, ikapita chini ya mlango hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Ikifika sehemu mbili hivi katika mia ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa asili haina harufu; ule uvundo mnaousikia ni dawa iliyotiwa makusudi ili mshtuke, na pua huuzoea upesi. Anayelala kwenye godoro la chini amelala pale pale inapokaa gesi.

Kwa hiyo ukiamka usiku ukaisikia, usiguse swichi, si ya kuwasha wala ya kuzima. Zote hutoa cheche. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka na watoto, gonga kwa majirani wazime majiko yao. Simu piga ukiwa nje, mbali na nyumba: Tanzania, zimamoto ni 114.

Usiulaze mtungi wala kuumwagia maji ya moto eti gesi inaisha. Ikiisha imeisha.

Jambo la mwisho ni huyo kijana wa bodaboda anayekuletea mtungi na kukufungia. Ana safari nyingine, na mara nyingi hukaza, akawasha jiko palepale kukuonyesha kwamba linawaka. Mwombe kwa adabu asubiri. Povu halichukui hata dakika tano, na kukiwa na mvujo, yeye bado yupo mlangoni na pikipiki ya kuurudishia mtungi dukani.