Asiyekuwapo na Lake Halipo: Tiba Mtandao na Maana ya Kuwapo

Methali isemayo "Asiyekuwapo na lake halipo" kwa kawaida humwonya mtu anayekosa kikao: asipohudhuria, neno lake halisikiki na fungu lake hugawiwa wengine. Waliyoitunga hawakumfikiria mtu aliyejeruhiwa uti wa mgongo, anayehudhuria mbele ya daktari kwa kioo cha simu huku amelala kitandani mwake. Je, huyo yupo au hayupo? Katika miji ya Houston, Dallas na Fort Worth, jibu la swali hilo huamua nani atatibiwa na nani atasahauliwa.

Wanaosema yupo wana hoja nzito. Texas ni nchi ya magari. Kutoka Dallas hadi Houston ni takriban kilomita 385, na Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya umma yenye njia maalumu. Kwa mtu aliyepooza mikono na miguu, miadi ya dakika 20 huweza kumeza siku nzima: kuoshwa, kuvishwa, kuinuliwa hadi kitini, kungojea gari lenye lifti, kisha kurudi akiwa hoi. Mwaka 2017 sheria ya Texas ilibadilishwa, ikamruhusu daktari kuanza kumtibu mgonjwa kwa video bila wawili hao kukutana kwanza ana kwa ana. Isitoshe, mtu aliyejeruhiwa sehemu ya juu ya uti wa mgongo anaweza kupandwa ghafla na shinikizo la damu hadi kiwango cha kuua, kwa sababu ndogo kama kibofu kilichojaa au nguo inayobana. Si kila daktari wa zamu anayeitambua hali hiyo. Mtaalamu anayeijua, hata akiwa mbali, anaweza kumwelekeza msaidizi amkalishe mgonjwa wima na akague mpira wa mkojo. Hapa fimbo ya mbali huua nyoka.

Hata hivyo, mwili una siri ambazo kamera haizifichui. Mtu asiyehisi makalio wala visigino vyake hajui kidonda kinapoanza. Katika ngozi nyeupe, doa jekundu hutoa tahadhari. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na dalili za mwanzo hutambuliwa zaidi kwa vidole: joto lisilo la kawaida, ugumu au ulaini chini ya ngozi. Mama wa Kikongo aliyefika Fort Worth kama mkimbizi anaweza kuonyesha mgongo wake wote mbele ya kamera, na bado kinachomla kisionekane.

Tena yumkini hayuko peke yake. Mwanawe amefanywa mkalimani, kwa kuwa ndiye ajuaye Kiingereza na ndiye ajuaye simu. Daktari anapouliza juu ya choo na mkojo, au juu ya unyumba, swali linapita kinywani mwa mtoto. Mama, kwa kulinda stara yake, atajibu kwamba hajambo. Video hiyohiyo ingeweza kumwingiza mkalimani wa kitaalamu, ambaye hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumtoa bila malipo. Chombo ni kimoja. Kinaweza kuuhifadhi utu wa mama huyo, na kinaweza kumfanya awe shahidi wa kimya katika kesi ya mwili wake mwenyewe.

Houston ina historia inayolifafanua jambo hili. Mwaka 1959 ilifunguliwa humo taasisi ya utengamao ya TIRR, chini ya Dkt. William Spencer, ikiwa imechipuka kutokana na utunzaji wa wagonjwa wa polio. Lex Frieden, mwanafunzi aliyevunjika shingo katika ajali ya gari mwaka 1967, alipata matibabu ya utengamao hapo. Baadaye chuo kimoja kilimkatalia nafasi kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu. Katika miaka ya 1980 aliliongoza baraza la taifa ambalo ripoti yake ya mwaka 1986 ilipendekeza sheria ya haki za watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini tarehe 26 Julai 1990. Kizazi chake kilidai penye ngazi pawe na njia ya mteremko, mabasi yawe na lifti, na milango ipanuliwe. Kiliutaka mji ubadilike.

Hatari ya tiba mtandao ni kuusamehe mji deni hilo. Kliniki isiyo na kitanda cha kupimia kinachoshuka hadi usawa wa kiti inaweza kumshauri mgonjwa abaki nyumbani, kisha ikauita ushauri huo huduma. Watu wawili wanaweza kuonekana sawa kabisa kwenye kioo. Mmoja angeweza kwenda, ila amechagua kutopoteza siku yake ya kazi. Mwingine amebaki kwa sababu hapana basi, hapana mteremko, wala hapana kitanda. Wa kwanza yupo. Wa pili amewekwa mbali, na sura yake inayong'aa kwenye simu ya daktari inauficha ukweli huo.

Februari 2021 baridi kali ilipokata umeme wa mamilioni ya wakazi wa Texas, vifaa vya namna hii vilionyesha mpaka wake. Umeme ukikatika, kioo huzimika, godoro la hewa hunywea, na kiti cha umeme kikiisha chaji hakisogei. Katika saa hiyo kinachomfaa mtu ni jirani anayejua kwamba nyuma ya mlango ule kuna mwenzake asiyeweza kuinuka. Jirani hulijua hilo kwa kuwa amezoea kumwona sokoni, kanisani au msikitini, na kituoni pa basi. Ambaye mji haukuwahi kumfungulia njia ya kufika huko, nani atakumbuka kumbishia hodi?