Yai la Nyoka

Wazee wetu walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Neno hili nimelisema mimi mwenyewe, na leo nataka kulipima kwa msaada wa mchezo mmoja wa huzuni, yaani tanzia, ulioandikwa na Mwingereza William Shakespeare yapata mwaka 1599. Habari zake ni za kuuawa kwa Julius Caesar, mtawala wa Rumi, ambaye jina lake ndilo asili ya neno Kaisari tulisomalo katika Injili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, aliufasiri mchezo huo kwa Kiswahili, ukapigwa chapa mwaka 1963; na mwaka 1969 ukatolewa tena umesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari.

Katika mchezo huo yumo Brutus, mtu mwenye sifa njema, rafiki wa Caesar. Wenziwe wamshawishi aungane nao kumwua Caesar, asije akajifanya mfalme. Usiku Brutus yu peke yake bustanini, ashauriana na moyo wake. Akiri kwamba yeye mwenyewe hana kisa na Caesar, wala hajapata kuona tamaa yake ikiishinda akili yake. Huo ndio ushahidi alio nao, nao wamwachilia mshitakiwa. Lakini Brutus hakomi hapo. Amfananisha Caesar na yai la nyoka, kwamba likianguliwa litadhuru, basi na liangamizwe lingali gandani. Hapo shauri limekwisha.

Angalieni jinsi mfano huo ulivyofanya kazi. Shahidi alipokosekana, mfano uliketi mahali pake. Nao ni mfano mbovu, si kwa kuwa nyoka hana sumu, bali kwa kuwa yai halina hiari. Yai la nyoka halina njia ila kuwa nyoka. Mwanadamu anayo njia nyingine. Mathayo mtoza ushuru aliitwa, akaondoka forodhani. Sauli aliyewatesa waumini akawa mtume. Kama wangalihukumiwa kwa yale yaliyotazamiwa kwao, Kanisa lingaliwapata wapi?

Kisha Brutus ashika mfano wa pili. Awaambia wenziwe wawe watoa dhabihu, wala si wachinjaji. Lakini kisu hakibadiliki kwa jina apewalo mwenye kukishika. Caesar akaanguka, nao wakaosha mikono yao katika damu yake. Na Antony, alipobaki peke yake na maiti, akawaita wachinjaji.

Na tazameni lililofuata. Watu wa mji, wamejaa ghadhabu, wamkuta njiani mshairi aitwaye Cinna. Miongoni mwa wauaji alikuwapo Cinna mwingine. Mshairi alia kwamba siye yeye, wala hawamsikii. Jina lake lawatosha. Brutus alimwua mtu kwa ajili ya kesho yake, na umati ukamwua mtu kwa ajili ya jina lake. Hukumu hizi mbili ni ndugu. Tena uhuru uliotafutwa haukupatikana. Brutus alikufa Filipi mwaka 42 kabla ya Kristo, na mwaka 27 Octavian akawa Kaisari Augusto, mwenye enzi kuliko yule aliyeuawa.

Nami nilikuwa Brutus mdogo. Huku kwetu Temeke, katika shule ya Jumapili, palikuwa na kijana aliyetunza kisanduku cha sadaka ya watoto. Hesabu yake ilikuwa sawa siku zote. Nikapata habari kwamba baba yake alifungwa kwa wizi, nikamnyang'anya ufunguo. Akaniuliza, "Mwalimu, nimepunguza nini?" Nikamjibu kwa mithali ile ya nyoka, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine. Hakuja tena. Baadaye nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake akanipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaniambia kwamba mwanawe amehamia kwa mjomba wake. Ufunguo ule ningali nao.

Huenda msomaji akasema, Je, mtu asijihadhari? Na ajihadhari. Lakini kinga si hukumu. Kisanduku na kiwe na funguo mbili, na fedha zihesabiwe na watu wawili, awe mtunzaji ni mtoto wa mwizi au mtoto wa mzee wa kanisa. Kanuni kama hiyo yawalinda wote wala haimtukani mmoja. Kumtoa mtu mmoja asiye na kosa, ili wengine walale salama, ni hesabu ya Kayafa, nayo siku ile ilionekana kuwa busara.

Basi, ndugu, mithali yafaa kutuamsha tuangalie. Haitupi ruhusa ya kufumba macho. Siku itakapokujia moyoni mithali nzuri juu ya jirani yako, ujiulize kwanza, Amefanya nini? Ukikosa jibu, mrudishie ufunguo wake angali yupo.